Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayolala Bila Kuamka

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu mpakato inatumia Linux. Tangu niliposasisha programu dhibiti (firmware) ya bodi mama, nikifunga kifuniko usiku ikiwa na chaji ya asilimia 80, asubuhi ninaikuta ina joto na betri imekwisha. Nilishauriwa kuongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayoianzisha Linux. Sasa inalala kimya, lakini nikiiamsha skrini inabaki nyeusi huku feni ikizunguka. Je, niusakinishe mfumo upya?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Ukiusakinisha upya utapoteza siku nzima na tatizo utalikuta palepale, kwa kuwa dalili zote mbili zinaelekeza chini ya mfumo wenyewe. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, haijui yenyewe namna ya kuilaza mashine. Husoma majedwali ya ACPI, utaratibu wa kusimamia umeme wa kompyuta uliopo tangu mwaka 1996, ambayo huandikwa na mtengenezaji ndani ya programu dhibiti. Andika `cat /sys/power/mem_sleep`, na bila shaka utaona `s2idle [deep]`, yaani hali mbili za usingizi, mabano yakionyesha iliyochaguliwa. Ndani ya majedwali hayo mna alama inayoiambia kerneli ipendelee `s2idle`, na inaelekea sasisho lako ndilo lililoiwasha.

Katika `deep`, karibu kila kitu huzimwa isipokuwa kumbukumbu ya RAM, na mashine inapoamka ni programu dhibiti inayotangulia kufanya kazi, kisha ndipo humkabidhi kerneli usukani. Katika `s2idle` prosesa haizimwi, bali husubiri vifaa vyote vitulie. Kifaa kimoja kikikataa kutulia, umeme huendelea kuliwa usiku kucha. Kule kuorodheshwa kwa `deep` si ushahidi kwamba mtengenezaji aliijaribu, na kwa maoni yangu ushauri uliopewa hutolewa kwa wepesi mno.

Anza na skrini nyeusi. Mashine ikiwa katika hali hiyo, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kerneli iko hai na wa kushukiwa ni kiendeshi (driver) cha skrini. Isipoitika, ingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, uandike `echo core > /sys/power/pm_test`, kisha `echo mem > /sys/power/state`. Kerneli itapitia hatua zake zote za kulala, itasubiri sekunde 5, halafu itarudi bila kuifikia programu dhibiti. Ikirudi salama mara kadhaa, ilhali usingizi wa kweli unashindikana, lawama inaiangukia programu dhibiti. Ikikwama hapo, rudia kwa `devices` badala ya `core`, kwani huenda ni kiendeshi fulani. Ukimaliza, andika `none` katika faili hilohilo la `pm_test`. Wengi husahau, kisha hushangaa kwa nini kompyuta yao inaamka yenyewe kila baada ya sekunde 5.

Kuhusu betri, ondoa kigezo ulichoongeza, uwashe upya, kisha usome faili `/sys/devices/system/cpu/cpuidle/low_power_idle_system_residency_us`, ambalo lipo kwenye mashine nyingi za Intel. Ilaze kwa dakika kumi kwa `rtcwake -m freeze -s 600`, halafu usome tena. Ikiwa namba haijaongezeka hata kidogo, mashine haikutulia kikamilifu hata mara moja; chomoa vifaa vyote vya USB na ujaribu upya.

Ingia pia kwenye mipangilio ya programu dhibiti, kwa sababu sasisho wakati mwingine huirudisha kama ilivyotoka kiwandani, na baadhi ya kompyuta zina chaguo la aina ya usingizi humo. Kisha andika `fwupdmgr get-updates` uone kama kuna toleo jipya zaidi. Mtengenezaji akiruhusu, `fwupdmgr downgrade` itakurudisha kwenye toleo la zamani, mradi chaja iwe imechomekwa muda wote wa kazi hiyo.

Wakati ukisubiri, tumia `systemctl hibernate`, ambayo huandika yaliyomo kwenye RAM katika diski na kuizima mashine kabisa. Inahitaji eneo la swap, yaani sehemu ya diski inayohifadhi yaliyomo kwenye RAM, lenye nafasi ya kutosha, na kuamka kwake ni kwa polepole, lakini hutaikuta ina joto asubuhi.