Rele inalia trrrr ku ampli: kwangu haikukuwa rele

Ndugu, ile shida yako, rele ya alimantasyo ya ampli (ile inapashwa kungoja sekunde kidogo mbele ya kushika, transfo isivute umeme kwa nguvu mara moja) inalia trrrr fasi ya kushika, na siku zingine inashika palepale bila kungoja na fizibo inaruka, nilipambana nayo hapa Goma karibu mwezi. Nilishuka Birere nikanunua rele, nikarudi nikanunua ya pili, zote bobini ya volti 12, paka trrrr ileile. Pesa ya bure.

Njo nikakumbuka kupima. Weka multimetri ku laini yenye inalisha rele, angalia mbele ishike halafu wakati inajaribu kushika. Kwangu ilikuwa 16 inaanguka mpaka 9, nikageuza multimetri ku AC nikaona volti kadhaa fasi ingepashwa kuwa karibu sifuri. Kondensateri ya kuchuja (ile kubwa yenye inatuliza volti ya laini) ilikauka! Ile 470 mikro nilikuwa nimeitoa mu televizyo ya zamani nikajiona mjanja. Nikaweka mpya ya volti 35, trrrr ikaisha.

Ya kushika palepale ni ingine. Umeme wetu unaujua, unaenda sekunde moja unarudi, na kondensateri ndogo ya kuhesabu muda (47 mikro na rezistansi ya 100k) inakuwa bado imejaa, kwa hiyo rele haingoji, inashika na kupitisha umeme pembeni ya ile rezistansi ya ohm 47 yenye inazuia mbele ya transfo kubwa, transfo inavuta kwa nguvu, fizibo kwaheri. Weka diodi 1N4148 toka plasi ya kondensateri ndogo kwenda ku plasi ya laini, ule mustari wake uwe upande wa laini. Lakini niko na zena ya 5.1 (diodi yenye haipitishi mpaka volti 5.1) ku bezi ya darlington (transista mbili ndani ya moja, njo inashikisha rele), transista ikizima, laini inabaki na volti kama 6 hakuna wa kuzimaliza, diodi peke yake haikutosha, nikaongeza 1k ya nusu wati sambamba na kondensateri kubwa ya 470. Sasa inahesabu upya kila mara, sekunde 2 na kitu.

Kama hauna zena usiamini ile hesabu ya 47 mikro mara 100k ni sekunde 4.7, transista ya kawaida inafunguka ku volti 0.6 tu, hata robo ya sekunde haifiki. Na diodi 1N4007 ya juu ya bobini ya rele angalia upande, mimi niligeuza nikaua transista.

Mbele ya kugusa ao kubadilisha kitu ndani, chomoa ku prizi kwanza, ngoja kondensateri za ampli zishuke, zipime. Halafu andika hapa umepata volti ngapi rele ikijaribu kushika.