Battle Royale: usiwawekee wadogo zako nakala ya DJ

Mkuu, usiweke. Hiyo flashi ichomoe kwenye TV kabla hujawaita wadogo zako. Umeuliza kama Battle Royale, ile muvi ya Kijapani, ni kali, kama uchukue ya DJ, yaani ile anayoitafsiri kwa kuongea juu ya sauti, au ya Kijapani yenyewe, kama toleo refu lina tofauti, na kama sehemu ya pili inafaa. Nakujibu la DJ, maana ndilo lililoniunguza.

Idi pili wapwa zangu wawili, mmoja miaka 12, mwingine 10, walilala kwetu. Jamaa wa maktaba ya muvi kaniapia: "Hii ni kama gemu, madogo watainjoi." Akaniwekea iliyotafsiriwa, buku lake akapokea. Huyo mtu hajawahi kuiona hata dakika moja! Japani kwenyewe ilipotoka, Desemba 2000, waliwazuia walio chini ya miaka 15, yeye anaiita ya madogo. Heri anauza muvi. Angekuwa na duka la dawa, mtaa wetu ungeshaisha.

Hadithi unaijua: darasa la wanafunzi 42 linapelekwa kisiwani, kila mmoja kavishwa kola ya kulipuka shingoni, siku tatu wauane, abaki mmoja. DJ anatania mwanzo mwisho, na wapwa zangu wanacheka. Na mimi nacheka nao.

Sasa kuna sehemu ya mnara wa taa. Wasichana sita wamejificha humo, wanapika, wanataniana, unaona kabisa hawa ni marafiki wa siku nyingi. Mmoja anamwogopa mvulana majeruhi aliyelazwa chumba cha juu, anatia sumu kwenye chakula chake. Rafiki yake anakidokoa kile chakula. Anatapika damu palepale. Basi kila mmoja anamshuku mwenzake, bunduki inashikwa, risasi zinamiminika jikoni, na anayebaki mzima ni yuleyule aliyetia sumu. DJ wetu akasema, "Mama ntilie kajilisha mwenyewe!" Watoto waligaragara kwenye mkeka. Yule mdogo akawa anaigiza kutapika.

Usiku hakulala. Saa nane kaja kusimama mlangoni kwangu, kaniuliza, "Mjomba, kwani rafiki yako anaweza kukuua?" Sikuwa na jibu. Asubuhi dada kaja kuwachukua, hakunisalimia, na Idi mbili zilizofuata hakuwaleta. Mkuu, dada yangu wa tumbo moja. Kwa muvi ya buku.

Nilikuja kuirudia baadaye peke yangu, sauti ya Kijapani, maandishi chini. Ilikuwa muvi nyingine kabisa. Kila mwanafunzi anapokufa, kwenye skrini linaandikwa jina lake na idadi ya waliobaki. Kila mmoja! DJ hakusoma hata jina moja, alikuwa anawasalimia washkaji zake. Na pale mnarani, yule binti aliyetia sumu anakwenda kujirusha afe kwa alichowafanyia wenzake. Mimi mara ya kwanza hata sikujua kwa nini anaruka, maana DJ alikuwa bado anacheka.

Muongozaji ni Kinji Fukasaku. Mwaka 1945 alikuwa na miaka 15, yeye na wanafunzi wenzake wamepelekwa kufanya kazi kiwanda cha silaha. Mizinga ilipowapiga, walijikinga chini ya miili ya wenzao, na waliopona ndio waliotumwa kuzoa maiti. Muvi hii kaitengeneza akiwa na miaka 70. Ukishalijua hilo, mwangalie yule binti wa kwenye video wanayoonyeshwa wanafunzi kabla ya kuanza, anayewasomea watoto sheria za kuuana huku anatabasamu na kurukaruka, kama anatangaza sabuni. Mzee yule alikuwa anasema jambo lake, na mtu kalisemea juu.

Kwa hiyo ukae nayo hii: Kijapani na maandishi, la sivyo iache kabisa. Na wadogo zako wakue kwanza. Usinitajie DJ mzuri, sijui DJ anayejua Kijapani, sitaki kusikia.

Mwishoni kabisa wawili waliotoroka wapo mjini, wanasakwa, na kwenye skrini linatokea neno moja: Kimbia. Kwenye nakala niliyowawekea wapwa zangu, hapo ndipo DJ alipokuwa anataja namba yake ya simu.