Jibu: Klova yangu ya Kinangop ni ya kienyeji au ya Ulaya?

Habari mkuu. Umesema huko Kinangop, Kenya, una klova (mmea mdogo wa malisho unaotambaa, wenye jani la vipande vitatu) ya maua meupe yenye alama nyeupe ya V kwenye majani, na hujui kama ni yetu ya kienyeji (Trifolium semipilosum) au ile ya kuletwa toka Ulaya (Trifolium repens). Achana na hiyo V kwanza, zote mbili wanayo, mimi ilinipoteza msimu mzima.

Geuza jani. Chukua simu, zoom upande wa chini na kile kikonyo, ukiona vinyweleo, mara nyingi vimejaa nusu moja tu ya kila kipande cha jani, nusu nyingine iko laini, hiyo ni ya kwetu, hata jina semipilosum maana yake ni nusu vinyweleo. Ile ya Ulaya ni laini kabisa, ukipitisha kidole husikii kitu. Ila fanya jua likishapanda, asubuhi umande unalaza vinyweleo unaona kama hakuna.

Bado una shaka, chimba mmea mmoja mkubwa. Zote zinatambaa na kushika mizizi kwenye vifundo, lakini ya kwetu inabaki na mzizi mnene wa kati unaoenda chini, ndio maana inavumilia kiangazi kidogo.

Zile za maua ya zambarau ulizosema umeziona msituni zinaweza kuwa klova nyingine, Trifolium burchellianum, nayo ni ya huku huku, ila kwa ile picha uliyotuma yenye ukungu siwezi kuapa. Piga nyingine ya chini ya jani uweke hapa.