Ukitumwa kumtathmini refa: kwa wanaoanza kazi hii Lubumbashi

Kazi ya kwanza ni kuacha kuufuata mpira kwa macho. Wengi wenu mmetoka kuwa marefa, wengine makocha, na mmekulia katika mji ambao mtoto anazijua rangi za klabu zetu, Mazembe na Lupopo, kabla hajajua kuhesabu hadi mia. Mpira ukipigwa mbele, macho yanakwenda nao. Mtathmini wa namna hiyo anarudi nyumbani ameona magoli mazuri na hana cha kuandika. Mpira ukielekea upande wa kushoto, wewe mtafute refa. Yuko wapi? Anauona mwanya kati ya mguu wa beki na mguu wa mshambuliaji, au kuna mgongo wa mtu umemkinga? Ukiwa na jibu kabla faulo haijatokea, uamuzi wenyewe hautakusumbua kuupima.

Wapo marefa wanaopatia wakiwa mita 40 kutoka kwenye tukio. Kupatia huko ni bahati, na ripoti yako lazima iseme hivyo, kwa sababu Jumapili ijayo atasimama mbali vilevile na bahati itakuwa imeenda kwa mwingine. Kuna na wanaokosea wakiwa mahali pazuri kabisa, mita 12, njia ya macho iko wazi. Hao wawili hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Kuhusu pa kukaa, panda juu, usawa wa mstari wa kati, mbali na viongozi wa klabu. Kwenye uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo jambo hili ni rahisi, jukwaa lipo na mistari inaonekana juu ya nyasi bandia. Kwenye viwanja vya mtaani, Katuba au Ruashi, mvua za Januari zikishapiga ule udongo mwekundu, mstari wa chokaa unabaki kwenye kumbukumbu za wenyeji tu. Ndiyo maana fika mapema. Mtazame refa akikagua uwanja: amezungukia nyavu, amedai mistari ya eneo la penalti ichorwe upya, au ameingia moja kwa moja kubadilisha nguo? Hiyo nayo ni tathmini, na imeshaanza.

Ukikaa katikati hivyo, usijidanganye kwamba unaweza kuhukumu kuotea. Huwezi. Mchezaji akiwa mita 30 kutoka usawa wako, pembe yako inakudanganya kama inavyowadanganya mashabiki waliokuzunguka. Unachoweza kupima ni mshika kibendera mwenyewe: je, alikuwa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, au na mpira, kama ndio ulikuwa karibu zaidi na goli? Alikuwa ametulia au anakimbia kufidia alipochelewa? Kama alikuwa sambamba hivyo, nawe huna picha ya video, ukubali uamuzi wake.

Andika wakati uleule, kwa maneno machache. Ukurasa wangu wa kawaida unasomeka hivi: “31. Bluu 6 amkata njano 9, katikati. Refa m 25, nyuma ya watu watatu. Faulo, bila kadi. Kutojali.” Neno hilo la mwisho ni hukumu yangu mimi, na ndilo lenye uzito. Sheria ya 12 ya mpira wa miguu inapanga faulo kwa madaraja matatu: uzembe wa kawaida, ambao ni faulo tu; kutojali hatari inayompata mwenzako, ambako ni kadi ya njano; na nguvu kupita kiasi, ambayo ni nyekundu. Refa anayetoa njano kwa uzembe dakika ya 8 atajikuta hana pa kwenda dakika ya 60. Tumia madaraja hayo kwenye daftari lako, usiandike “faulo mbaya”, maana mbaya ya shabiki wa Lupopo si mbaya ya shabiki wa Mazembe.

Someni sheria mpya kila mwaka, tafadhali. Tangu msimu wa 2025/26 kipa anayeushika mpira zaidi ya sekunde 8 anaadhibiwa kwa kona, na refa anazihesabu sekunde 5 za mwisho kwa kuinua mkono. Bado kuna wazee wetu wanaosubiri ile faulo isiyo ya moja kwa moja ya sekunde 6.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote: uamuzi wa kufidia. Refa ametoa penalti yenye utata, uwanja umechafuka, watu wanapiga kelele kwamba “alikula makuta”, yaani amehongwa, na dakika kumi baadaye timu ya pili inapewa faulo ambayo tangu asubuhi haikuwa faulo. Jukwaani wanasema, haya, mizani imekaa sawa. Kwangu hayo ni makosa mawili, na la pili ni baya zaidi kwa sababu alilifanya akijua. Hili si la mpira wetu peke yake. Katika hoki ya barafu, Machi 2021, kwenye mechi ya Nashville na Detroit ya ligi ya NHL, kipaza sauti kilimnasa refa Tim Peel akieleza kwamba adhabu aliyoipiga haikuwa kubwa, ila alitaka Nashville wapate adhabu mapema. Ligi ikatangaza kwamba hatachezesha tena mechi zake, naye alikuwa amebakiza wiki chache tu astaafu. Huku hatuna vipaza sauti. Tuna daftari. Kila baada ya uamuzi mkubwa wenye kelele, piga mstari pembeni ya ukurasa na uandike kila kipenga cha dakika kumi zinazofuata, pamoja na yale ambayo hakupuliza. Kama kiwango chake cha faulo kimeshuka kwa upande mmoja tu, mstari huo utakuonyesha.

Mwili nao unasema. Janny Sikazwe wa Zambia, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, alichezesha fainali ya Kombe la Afrika 2017. Si mtu wa kubahatisha. Januari 2022, pale Limbe nchini Kamerun, kwenye mechi ya Tunisia na Mali, alipuliza kipenga cha mwisho dakika ya 85, mchezo ukaendelea, kisha akapuliza tena kabla ya 90 kutimia. Dunia nzima ilimcheka. Baadaye akaeleza kwamba joto lilikuwa limemzidi nguvu. Kwa hiyo Oktoba yetu, kabla mvua hazijashika, mechi ikianza mchana, angalia refa wako kuanzia dakika ya 65: anazidi kubaki nyuma ya mchezo? Ameacha kuongea na wachezaji? Na wenzake watatu wanafanya nini, wanamsaidia au wanamtazama tu? Kufaulu majaribio ya FIFA, mbio 6 za mita 40, kila moja ndani ya sekunde 6 kwa marefa wanaume wa kati, hakukuambii lolote kuhusu dakika ya 80 ya siku hiyo.

Alama zije mwisho. Kwenye mizani ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, 8.4 ni refa aliyefanya kazi yake vizuri kama ilivyotarajiwa, na 7.9 ni aliyefanya vizuri ila akakosea jambo moja kubwa lililo wazi. Ona jinsi nafasi ilivyo ndogo. Wanaoanza hupenda kugawa 9 kwa mechi iliyokuwa tulivu. Mechi tulivu haijampima mtu.

Baada ya mechi mwache anywe maji, avue viatu. Usimseme mbele ya kamisaa wa mechi wala wasaidizi wake. Anza kwa kumuuliza: “Ndugu, dakika ya 31 uliona nini?” Mara nyingi atakujibu kwa unyoofu, “Papa, mguu niliuona, nguvu yake sikuiona.” Hapo mna mahali pa kuanzia: mwonyeshe alipokuwa amesimama, mwambie angesogea hatua tano kulia angeona nini. Mambo mawili yanatosha kwa siku moja. Ya tatu na ya nne yaandike, atayasoma akiwa ametulia.

Ripoti iandike usiku uleule, kabla redio za mjini hazijakuchagulia la kuamini. Na viongozi wa timu watakuletea soda, halafu watakuambia gari lao linapita njia ya kwenu. Soda unaweza kuikataa kwa kucheka. Lile gari likatae hata kama mvua inanyesha na teksi za Katuba zimekwisha. Panda na kamisaa, au subiri.