Kutoka kwenye shanga hadi kwenye moto: siku ya mwanafunzi wa usonara

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Siku ya mtu anayejifunza usonara inapita vipi. Mtu aliyezoea kutunga shanga na kusokota waya ataiweza kazi ya moto au atajisumbua bure. Na kwa nini kila ukijaribu kuunga pete ya fedha, lehemu inajikunja kama tone la maji juu ya jani na kugoma kuingia kwenye kiungo. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo limebeba hayo mengine.

Nimetunga shanga miaka sita. Huu ni mwaka wangu wa tatu chini ya fundi, na mwaka wa kwanza wote nilisumbuka na hilo hilo lako. Nikadhani nina lehemu mbovu, nikaibadilisha. Nikadhani kichomeo hakina nguvu. Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye moto, ulikuwa kwenye tupa, nusu saa kabla sijawasha chochote.

Lehemu ya fedha haizibi pengo. Hili lishike kabla ya jingine lolote. Inapoyeyuka hupenya katikati ya nyuso mbili zilizogusana, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Nyuso zisipogusana hakuna utambi, kwa hiyo lehemu inabaki pale pale ulipoiweka, au inakimbilia upande mmoja wa pete na kuuacha mwingine. Ikijikunja kuwa tone, tafuta mambo matatu: metali ni chafu (hata mafuta ya kidole yanatosha), boraksi (unga unaochanganywa na maji na kupakwa kwenye metali ili moto usiichafue na lehemu itiririke) haikuenea, au umeipiga lehemu yenyewe moto kabla pete haijapata joto. Mara nyingi yote matatu yanakuwepo kwa pamoja.

Ukishakunja pete, ielekeze kwenye mwanga. Ukiona hata uzi mwembamba wa mwanga kwenye kiungo, bado. Mimi nafanya hivi: nabana ncha hadi zigusane, napitisha msumeno katikati ya kiungo chenyewe, kisha nafunga tena. Bledi inapopita inachonga nyuso zote mbili kwa mara moja, kwa hiyo zinalingana zenyewe. Pengo likibaki narudia mara ya pili, wakati mwingine ya tatu. Halafu nazipishanisha ncha kidogo, moja ipite juu ya nyingine, nazirudisha zitazamane, ili pete ijibane yenyewe bila kufungwa waya. Kazi yote hiyo, na kichomeo hakijawashwa.

Sasa moto. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote. Ukielekeza moto kwenye kiungo peke yake, joto linakimbia kuzunguka pete nzima, kiungo kinabaki baridi, na kile kipande kidogo cha lehemu, kwa kuwa ni chepesi, kinayeyuka peke yake na kujikunja. Pasha pete yote. Anza upande ulio mbali na kiungo, zungusha moto polepole, uache joto likifuate kiungo lenyewe. Lehemu huufuata upande wenye joto zaidi, kwa hiyo ukijua joto liko wapi unajua itaelekea wapi.

Tazama boraksi, itakueleza mengi. Kwanza maji yanachemka na inaumuka nyeupe kama povu, na hapo ndipo vipande vya lehemu huhama mahali pake, kwa hiyo moto uwe wa upole. Kisha inatulia, inakuwa angavu kama kioo kilicholowa. Ukiona hivyo umekaribia. Halafu ghafla unaona mstari unaong'aa unakimbia kwenye kiungo, kama zebaki. Toa moto papo hapo. Sekunde moja, si mbili. Lehemu nyingi za fedha huyeyuka kwenye nyuzi 700 na kitu za Selsiasi, na fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha katika kila 1000) yenyewe huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800. Nafasi uliyonayo ni hiyo tu.

Niliujua ufinyu wa nafasi hiyo mwezi wa nne. Nilikuwa natengeneza pete ya jiwe: bati la chini, yaani kipande bapa cha fedha, la unene wa milimita moja, na juu yake kile kikuta chembamba cha kulikumbatia jiwe, unene wa milimita 0.3. Nilikipinda siku nzima. Nikakiweka juu ya bati, nikawasha, nikaelekeza moto palepale kwenye kikuta kwa kuwa ndipo nilipotaka lehemu iende. Kikang'aa, kikasinyaa upande mmoja, kikawa kidonge. Bati chini yake lilikuwa halijabadilika hata rangi. Fundi hakunikaripia. Alizima taa, akaweka vipande viwili vya shaba nyekundu juu ya tofali la moto, kimoja kinene na kimoja chembamba, akaniambia nivipashe nikitaja rangi kwa sauti. Nyekundu hafifu ya kuonekana gizani tu. Nyekundu ya damu. Nyekundu ya kung'aa. Kile chembamba kilikuwa kinatangulia kwa mbali sana. Tulirudia hadi nikajua kuviweka rangi moja kwa wakati mmoja, kwa kuishi na moto kwenye kile kinene na kukigusa kile chembamba kwa kupita tu. Tangu siku ile sipigi lehemu chini ya mwanga mkali. Mwanga mkali unaficha rangi, na rangi ndiyo kipimajoto chetu.

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi ni ya kupima na kukata. Pete, kwa mfano: urefu wa bati si kipenyo cha ndani mara 3.14 kama nilivyokuwa nikifanya. Unajumlisha kipenyo cha ndani na unene wa bati, ndipo unazidisha. Pete ya kipenyo cha milimita 17 kwa bati la milimita 1.5 inataka milimita 58 na kidogo. Ukisahau unene unapata 53, na pete haivaliki. Kisha msumeno. Bledi zetu ni nyembamba mno, na meno yake yanaangalia chini kuelekea mpini, kwa hiyo inakata unapovuta kushuka tu. Kupanda ni kuirudisha. Siku ya kwanza nilivunja bledi 11, zote kwa sababu ya kusukuma mbele. Msumeno hausukumwi. Unausimamisha wima, unaushusha kwa urefu wake wote, unauacha ule wenyewe. Pakaza nta ya nyuki kidogo. Ukiikaza bledi kwenye fremu, idonoe kwa kucha: ikilia kama uzi wa ala ya muziki iko sawa, ikitoa sauti ya kufa, kaza tena. Na unene wa bati ubebe angalau meno mawili au matatu ya bledi kwa wakati mmoja, la sivyo jino linanasa na bledi inakatika.

Inafuata nyundo, na hapa mtu wa waya una akiba kubwa kuliko unavyodhani. Unakumbuka waya unavyokuwa mgumu ukiupinda mara kwa mara, hadi unavunjika? Bati ni vivyo hivyo. Kadiri unavyofua, ndivyo linavyokakamaa. Ukiendelea linapasuka pembeni. Dawa yake ni kulilainisha kwa moto: unalipasha hadi wekundu hafifu, unaacha wekundu upotee, unalizamisha majini. Linarudi laini. Kwa bangili moja naweza kurudia hivyo mara tano au sita. Wewe vidole vyako tayari vinajua waya umechoka lini, ujuzi ambao mwanafunzi mwingine anautafuta miezi. Hata sikio husaidia. Metali laini hupokea nyundo kwa sauti nzito; ikianza kulia kwa juu na nyundo kuruka, irudishe motoni.

Baada ya kila moto kuna maji ya asidi ya kuondoa weusi na mabaki ya boraksi. Natumia asidi ya sitriki iliyopashwa joto, inatosha. Kibano cha chuma kisiingie humo. Kikiingia pamoja na kazi yako, shaba iliyomo kwenye yale maji inahamia juu ya fedha na kuipaka uwaridi, na utaanza kusugua upya. Tumia kibano cha shaba au cha plastiki.

Mchana hadi jioni ni tupa na msasa. Sitakudanganya, hii ndiyo sehemu kubwa ya maisha yetu. Nikihesabu wiki nzima, moto haufiki hata saa moja kwa siku. Tupa inakata kwenda mbele tu, kwa hiyo iinue unaporudi. Msasa unaanza na namba 400, kisha 600, 800, 1200, na kila ukibadilisha namba badilisha na mwelekeo, ili mikwaruzo mipya ikatize ya zamani. Namba mpya haijamaliza kazi hadi mikwaruzo ya mwelekeo wa kwanza iishe kabisa. Niliwahi kuruka kutoka 400 hadi 1200 kwa haraka ya kumkabidhi mteja bangili. Kwenye msasa ilionekana safi. Nilipopiga polishi, ile mikwaruzo ya 400 ikatokeza yote, mirefu, kama mtu ameichora kwa sindano. Polishi haifuti mkwaruzo, inautangaza. Nilirudi hadi 400 na mteja alisubiri siku mbili.

Fedha ya 925 ina shaba asilimia 7.5, na shaba hiyo ikipigwa moto sana bila kufunikwa na boraksi hufanya doa la zambarau chini ya ngozi ya fedha. Unaliona mwishoni, wakati kila kitu kinang'aa. Hilo nalo ni msasa tena. Kwa hiyo paka boraksi kote, si kwenye kiungo tu.

Jioni nafagia. Chini ya meza yangu kuna ngozi inayopokea vumbi la tupa, la fedha peke yake na la shaba peke yake, kwa sababu vumbi la fedha huyeyushwa upya na kuwa bati jipya. Tupa iliyogusa risasi haiguswi tena: chembe ya risasi ikibaki juu ya fedha ikaingia motoni, inakula tundu.

Kuhusu usalama nakuomba usinisome haraka. Usinunue lehemu yenye kadimiamu hata ukipewa kwa bei nzuri. Moshi wake unaharibu mapafu na figo. Fanyia kazi mahali hewa inapita. Asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kazi ya moto izime kwanza kwenye maji ya kawaida, usiidumbukize kwenye asidi ikiwa bado inachemka. Miwani muda wote. Na kwenye mashine ya polishi, glovu ivue, nywele zifunge, mkufu wa shingoni uvue. Mashine inayozunguka ikinasa glovu inaondoka na mkono. Mnyororo nao usiushikie ukining'inia mbele ya brashi. Ulaze juu ya kipande cha mbao, uushike kwa nguvu.

Mgongo pia. Nilifanya kazi miezi mitano kwenye meza ya kawaida, nikiinama. Meza ya sonara inatakiwa ifike usawa wa kifua ukiwa umekaa, ili kazi ije machoni badala ya macho kuifuata kazi. Nilipunguza miguu ya kiti, maumivu yakaisha ndani ya wiki.

Anza na shaba nyekundu, usianze na ya njano. Watu wengi hushauri ya njano kwa sababu inapendeza, lakini hupitisha joto karibu theluthi tu ya nyekundu, kwa hiyo mkono wako utajifunza moto usio wenyewe. Nyekundu inaikaribia fedha sana. Inachafuka haraka motoni, kweli, na hilo litakulazimisha uwe msafi tangu mwanzo.

Na shanga zako usiziweke kando. Tangu nijue kuunga, kidani changu kina kifungo nilichokifua mwenyewe, pete za kuunganishia nilizozikata kwa msumeno kutoka kwenye waya niliouzungushia fimbo ya chuma, na shanga zilezile nilizokuwa natunga zamani. Ila hizo ziingie mwisho, moto wote na asidi yote ikishakwisha. Lulu haivumilii moto wala asidi. Feruzi hali kadhalika.

Kwa wiki hii fanya hivi: kata vipande kumi vya shaba nyekundu vya urefu mmoja, kunja pete kumi, na usiunge hata moja hadi zote kumi zimepita mtihani wa mwanga. Kisha ziunge zote siku moja, taa ikiwa hafifu. Zipige nyundo juu ya chuma cha mviringo uone ni zipi zimepasuka. Urudi hapa uniandikie ngapi zimeshika, unene wa bati ulikuwa kiasi gani, na moto uliuanzishia upande gani. Zile zilizopasuka usizitupe. Zikate kwenye kiungo utazame ndani, lehemu ilifika wapi na ilikomea wapi, uniambie ulichokiona.