Mita kwenda kilohezi: kugawanya ni rahisi, jihadhari na bendi za juu

Mkuu, umesema redio yako ya zamani imeandikwa mita tu kwenye kioo, na ratiba za stesheni siku hizi zinatolewa kwa kilohezi, sasa hujui uanzie wapi. Hesabu ni moja tu: chukua 300,000 ugawanye kwa mita, jibu ni kilohezi. Ukitaka megahezi (moja ni kilohezi 1,000), anza na 300. Kurudi nyuma ni vilevile, 300,000 gawanya kwa kilohezi unapata mita. Mita 300 ni kilohezi 1,000, mita 500 ni kilohezi 600.

Hiyo 300,000 ni mwendo wa mawimbi ya redio kwa kukadiria, ambao ni sawa na wa mwanga: kilomita 299,792 kwa sekunde. Mita ni urefu wa wimbi moja, kilohezi ni maelfu ya mawimbi kwa sekunde. Ukizidisha urefu wa wimbi moja kwa idadi ya mawimbi yanayopita katika sekunde moja, lazima uangukie hapo. Ndiyo maana mita zikiongezeka kilohezi zinapungua, na kwenye kioo chako utaona mita zinahesabika kinyumenyume.

Ila mimi hesabu hiyohiyo ilinipoteza siku mbili nzima. Nilikuwa natafuta matangazo ya mchana kwenye mita bendi 13, yaani kipande cha masafa mafupi (SW) kilichopewa jina kwa urefu wa wimbi. Nikagawanya 300 kwa 13, nikapata megahezi 23.08, nikapeleka redio pale. Nikapanda kidogo, nikashuka kidogo, mkwaruzo mtupu. Nilishaanza kulaumu antena. Kumbe bendi hiyo inaanzia kilohezi 21,450 na kuishia 21,850. Hebu zigeuze ziwe mita: 13.99 na 13.73. Bendi nzima iko kwenye desimali, na walioipa jina walizikata wakabakiza 13. Mita bendi 16 nayo ni hivyohivyo: kugawanya kunakupa 18.75, wakati yenyewe iko kati ya megahezi 17.48 na 17.90. Kwenye megahezi za chini zaidi majina hayadanganyi sana. 49 inakupa kilohezi 6,122 na bendi ni 5,900 hadi 6,200. 31 inakupa 9,677 na bendi ni 9,400 hadi 9,900.

Hapa ndipo naomba utulie, maana ndipo wengi wanapokwama. Mita moja haina uzito uleule kila mahali. Kutoka mita 300 kwenda 301 umesogea kilohezi 3 tu, hata stesheni ya jirani hujaifikia. Kutoka mita 13 kwenda 14 umeruka kilohezi 1,650 hivi! Kwa hiyo kwenye masafa ya kati (MW), mtu akikutajia mita amekutajia stesheni yenyewe. Kwenye masafa mafupi amekutajia mtaa tu, namba ya nyumba utaipata kwa kilohezi.

Kwenye masafa ya kati kuna msaada mwingine. Nje ya mabara ya Amerika stesheni zimepangwa kila baada ya kilohezi 9, kuanzia 531, na zote zinagawanyika kwa 9. Mpango huo ulikubaliwa Geneva mwaka 1975 ukaanza kutumika Novemba 1978. Kwa hiyo ukishagawanya, sogea hadi namba ya karibu inayogawanyika kwa 9. Radio Luxembourg, stesheni ya Ulaya, ilijulikana sana kwa mita 208. Gawanya 300,000 kwa 208, unapata 1,442; ya karibu ni 1,440, na hapo ndipo ilipokuwa baada ya mpango huo. Ukitumia 299,792 badala ya 300,000 unapata 1,441, bado jibu ni lilelile. Sioni haja ya kujisumbua na namba ndefu wakati kioo chenyewe kimeandikwa kwa kukadiria.

Mita bado nazipenda kwa jambo moja, waya wa antena ninaoukata kwa robo ya wimbi. Robo ya wimbi la mita 49 ni mita 12 na kidogo, unapima na kukata bila kugusa kikokotoo.

Sasa kwa redio yako, usianze na mahesabu. Tafuta kwanza stesheni moja ya masafa ya kati unayoijua kilohezi zake, ishike vizuri, halafu tazama mshale umesimama wapi. Kama ni ya kilohezi 1,000 hivi na mshale uko mita 310 badala ya 300, basi kamba inayovuta mshale imehama. Fanya hivyo na nyingine upande wa pili wa kioo, maana kosa la upande mmoja si lazima lilingane na la mwingine. Bandika kipande cha karatasi pembeni ya kioo, uandike kilohezi kwa penseli kila unapopata stesheni. Kwenye masafa mafupi weka alama mwanzo na mwisho wa kila bendi, mita za katikati ziache.