Muulize Shangazi: Kiti cha wanawake au kiti cha wazi?

Shangazi, habari za kazi. Ninauza mivumba, yaani nguo za mitumba, kwenye magulio ya huku Tororo, Uganda, na ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba. Wanawake wenzangu na wazee kadhaa wanataka nigombee ukaunsela (udiwani) wa gombolola, sehemu ya wilaya, uchaguzi ujao. Mwenyekiti wa chama hapa kijijini ananiambia nichukue fomu ya kiti cha wanawake, kile cha wazi niwaachie wanaume kwa sababu "nyinyi mna chenu". Nifanyeje?
*Mama wa magulio, Tororo*

Mwanangu, gombea kiti cha wazi, kile ambacho mwanamke au mwanamume yeyote anaweza kukigombea. Nimetanguliza jibu makusudi, maana huyo mwenyekiti ameshakuchagulia njia na anataka uifuate kabla hujafikiri.

Hilo "mna chenu" nimelisikia tangu viti hivyo vianze. Mwaka 1986, serikali mpya ilipoleta mabaraza ya wananchi yaliyoitwa RC vijijini, kila kamati ilitenga nafasi ya katibu wa akina mama. Mwaka 1989 kila wilaya ikapeleka mwakilishi mwanamke katika baraza la taifa. Halafu Katiba ya 1995 ikaandika: mwanamke mmoja bungeni kwa kila wilaya, na katika mabaraza ya mitaa wanawake wasipungue theluthi moja. Wasipungue, mwanangu. Hakuna mstari unaosema wasizidi, wala unaosema viti vilivyobaki ni vya wanaume.

Ila desturi imeishinda Katiba. Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 lilikuwa na majimbo 353 ya kawaida, na wanawake walioyashinda hawakufika hata 20. Karibu wengine wote waliingia kwa viti 146 vya wanawake wa wilaya na miji mikubwa. Tazama na mzigo wenyewe. Tororo yetu ina majimbo zaidi ya manne, kila jimbo na mbunge wake, kisha mama mmoja ayazunguke yote. Kwenye gombolola ni vilevile: kaunsela wa kiti cha wazi ana muluka wake mmoja, yaani sehemu moja ya gombolola, wa kiti cha wanawake mara nyingi hupewa miwili au zaidi.

Mimi nilikaa kwenye kiti hicho, kwenye gombolola ambayo sitaitaja. Sikujuta, kilinifundisha kazi. Lakini nakumbuka kikao kimoja cha bajeti. Tulifika kwenye barabara, nikainua mkono kuulizia kalvati la njia ya sokoni, lile lililokuwa limebomoka hata wanawake wakawa wanashuka kwenye boda na kuvuka maji wakiwa na mizigo kichwani. Nikaambiwa, "Mama, subiri kipengele cha akina mama." Kipengele chenyewe kilikuwa cha mwisho. Kilipofika ilikuwa jioni, makaunsela wawili wameshaondoka, karani anakunja karatasi, na fedha za barabara zimekwisha kugawanywa. Nikapewa vyerehani. Nilivipokea kwa sababu kuna mabinti waliovihitaji, lakini kalvati lilibaki vilevile mpaka muhula ukaisha.

Ndiyo maana nakuambia uingie kwa muluka wako. Tangu mwaka 2022, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka, PDM, unapeleka fedha mpaka kwenye sako ya muluka, yaani ushirika wa akiba na mikopo, shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mtu anayeketi kwenye baraza kwa jina la muluka mzima, wanaume na wanawake, hawezi kuambiwa asubiri kipengele chake. Na wewe umeshika fedha za watu bila kashfa. Hiyo ndiyo sifa ambayo wanaume wengi watakaosimama nawe hawana.

Wala hutakuwa wa kwanza. Mwaka 1994, tulipochagua Bunge la Katiba, Winnie Byanyima aliwashinda wanaume Mbarara mjini, na Cecilia Ogwal akafanya hivyo Lira mjini. Byanyima alikuwa wa NRM iliyokuwa madarakani, Ogwal wa UPC, chama cha upinzani. Hawakukubaliana karibu kwa lolote, lakini wote wawili walikataa kusubiri nafasi ya pembeni.

Jambo jingine la kukutia moyo: kaunsela wa gombolola anachaguliwa kwa kura ya siri. Kwenye uchaguzi wa LC1, baraza la kijiji, mwaka 2018 watu walipanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Nilimwona kwa macho yangu jirani mmoja amesimama nyuma ya mwanamke anayemtaka, mume wake akamtazama tu, naye mke akahama mstari akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye sanduku hakuna wa kumtazama. Wanawake wa magulio watakuchagua bila kuomba ruhusa.

Kabla hujachukua fomu, hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura la hapo. Kisha kabidhi vitabu vya kikundi mbele ya wanachama wote, hesabu isomwe kwa sauti, asije mtu akasema unanunua kura kwa akiba zao. Chama kikikunyima tiketi, sheria inakuruhusu kusimama kama mgombea binafsi. Na kama muluka wako umeshapata mwanamke mwingine mzuri wa kiti cha wazi, hapo nitabadili ushauri: muunge mkono yeye, wewe chukua cha wanawake, mwingie wawili.

Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 24. Tumekuwa na Makamu wa Rais mwanamke, Waziri Mkuu mwanamke na Spika mwanamke kwa wakati mmoja. Usawa gani bado mnautafuta? Viti vya wanawake si vifutwe sasa?
*Kijana wa Jinja*

Swali lako ni la haki na sikulaumu. Lakini angalia walivyoingia. Jessica Alupo, yule Makamu wa Rais, alitoka Katakwi, Robinah Nabbanja, Waziri Mkuu, Kakumiro, na Anita Among, Spika, Bukedea, na wote watatu waliingia Bunge la 2021 kwa kiti cha mwanamke wa wilaya. Ungekifuta kiti hicho mwaka huo, ungewakosa watatu wote. Katiba yenyewe haikusema viti hivi ni vya milele: ililiagiza Bunge livipitie upya baada ya miaka 10, kisha kila miaka 5. Mjadala unaoutaka una mahali pake, na nauunga mkono ufanyike kwa uzito, usiwe wa kupiga mihuri.

Halafu, mwanangu, kiti cha juu peke yake hakimfaidishi mwanamke wa kijijini. Sarah Ntiro alihitimu Oxford mwaka 1954, akarudi kufundisha, akakuta mshahara wake umewekwa chini ya wa wanaume wenye elimu kama yake. Akaukataa, akafundisha bure. Miaka mingi baadaye, shirika la Mifumi la huku kwetu Tororo lilienda kortini mwaka 2007 kuhusu mahari. Lilishindwa mwaka 2010 katika Mahakama ya Katiba, likakata rufaa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kudai mahari yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kuna wanawake waliovumilia kipigo kwa sababu baba zao hawakuwa na ng'ombe wa kurudisha. Miaka 8 ya korti, na wakati huo huo tulikuwa na mawaziri wanawake, na tangu 2011 Spika mwanamke.

Kama una uchungu kuhusu vijana, nakuelewa zaidi: mna wabunge 5 tu wa vijana kwa nchi nzima. Piganieni hilo, mimi nitaandika pamoja nanyi.

Shangazi, mume wangu anataka kuuza shamba tunalolima na kuishi. Mwenyekiti wa LC1 ameniletea karatasi niweke sahihi, anasema ni kawaida tu. Nisaini?
*Mama wa watoto watano, Butaleja*

Usisaini kitu ambacho hukubaliani nacho. Wanahitaji sahihi yako kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi au inajilisha kwayo bila kibali cha mke au mume kwa maandishi. Watetezi wa haki za wanawake, akina Miria Matembe, walitaka zaidi, walitaka mke na mume wamiliki kwa pamoja. Kifungu hicho kilijadiliwa bungeni, lakini sheria ilipochapishwa hakikuwemo. Uliopewa ni ulinzi wa kibali, na ndio unaoutumia leo.

Ulinzi huu ni wa wanandoa, na ndoa ya kimila inahesabika. Kama mliishi pamoja bila ndoa yoyote, jambo lako ni gumu zaidi, nenda kwa wanasheria wa msaada wa bure haraka. Kama ndoa ipo, mrudishie mwenyekiti karatasi yake mbele ya shahidi na umwambie hukubali. Kisha nenda ofisi ya ardhi uombe kuweka zuio kwenye shamba hilo. Nenda wiki hii, kabla mnunuzi hajatoa fedha.